Uzi: Mahindi yamejaa ghalani, mtoto anadumaa. Tuanzie kwenye sufuria ya uji

Sufuria Ndogo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano hapa Tanzania wamedumaa. Mwaka 2015/16 walikuwa 34, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa karibu nusu. Kwa hiyo tunashuka. Lakini tazameni mikoa inayoongoza: Iringa karibu 57, Njombe na Rukwa karibu 50 kila mmoja. Hii ndiyo mikoa inayojaza malori ya mahindi, maharage na viazi kwenda Dar. Ukisema udumavu ni njaa, hapo hesabu inakataa.

Hoja yangu ni hii. Kwa sehemu kubwa mtoto wa huku anadumaa kati ya miezi 6 na 24, nyumba ikiwa na chakula, kwa sababu kinachofika tumboni mwake ni maji yenye rangi ya unga, na kinafika mara mbili tu kwa siku.

Tupige hesabu. Tumbo la mtoto mdogo linabeba takribani gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8 anajaa kwa robo lita. Mbali na maziwa ya mama, mtoto wa miezi 6 hadi 8 anahitaji kama kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula. Miezi 9 hadi 11, kama 300. Miezi 12 hadi 23, kama 550. Sasa chukua uji wa kunywa kwa kikombe: kijiko kimoja cha chakula cha unga (kama gramu 10) kwenye robo lita. Huo una kilokalori 36 hivi. Mpe asubuhi na jioni, amepata 72, tumbo limejaa mara mbili, amelala, na mama anaamini ameshiba.

Robo lita hiyohiyo ukiipika kwa vijiko vitatu vya unga, ukaweka kijiko kimoja cha chakula cha karanga zilizosagwa na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula, unapata kama 235. Tumbo ni lilelile na kuni ni zilezile. Kipimo cha jikoni: chota uji kwa kijiko, kiinamishe. Ukimwagika kama maji ni mwembamba. Ukishika kwenye kijiko na kudondoka taratibu, hapo sawa. Uji wa mtoto unalishwa kwa bakuli na kijiko. Ukiweza kupita kwenye chuchu ya chupa, haumfai.

Karibuni wenye ujuzi, tuandike vitu vya kupimika.

---

Nesi wa Zahanati

Mkuu umeanza vizuri. Niongeze upande wa kipimo, maana vituo vingi tunapima kilo tu na kumwambia mama "mtoto anaendelea vizuri". Udumavu hauonekani kwenye mizani. Mtoto mfupi anaweza kuwa na uzito unaolingana na ufupi wake, mashavu yamejaa, na kila mtu akamsifu.

Udumavu ni urefu kwa umri ulio chini ya mstari wa hasi 2 (yaani chini sana ya urefu wa kawaida wa umri huo) kwenye viwango vya WHO vya mwaka 2006. Shikeni namba hizi za mstari huo:

Miezi 6: mvulana 63.3 cm, msichana 61.2.
Miezi 9: mvulana 67.5, msichana 65.3.
Miezi 12: mvulana 71.0, msichana 68.9.
Miezi 24 (amelala): mvulana 81.7, msichana 80.0.

Aliye chini ya hapo amedumaa. Ila msisubiri afike chini ya mstari. Mtoto wa kawaida wa mwaka mmoja ana 75.7 kama ni mvulana na 74.0 kama ni msichana. Anayeteremka kutoka hapo kuelekea mstari mwezi baada ya mwezi tayari ana tatizo, hata kama kadi bado haijaingia rangi mbaya.

Namna ya kupima: chini ya miaka miwili analazwa kwenye ubao, hasimamishwi. Watu wawili. Mmoja anashika kichwa kiguse ubao wa juu, macho yatazame juu moja kwa moja; mwingine anabonyeza magoti kwa upole yanyooke, kisha anasukuma ubao wa miguu uguse nyayo zote mbili. Viatu, soksi na kofia vitoke, na nywele zilizosukwa juu zifumuliwe au zisogezwe. Soma hadi milimita. Rudia mara ya pili. Zikipishana zaidi ya nusu sentimita, anza upya.

Makosa makubwa mawili: goti moja limekunjwa (unampunguzia mtoto hadi sentimita 2), na umri wa kukadiria. Kati ya miezi 6 na 12 mtoto anakua karibu sentimita 1.3 kwa mwezi. Ukikosea umri kwa miezi miwili, umekosea zaidi ya sentimita mbili na nusu, yaani unaweza kumwita mzima aliyedumaa au kinyume chake. Tumia tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki, usimuulize bibi.

---

Mpima Njia

Nesi, nakazia. Na kuna pengo lingine: mahudhurio ya kliniki yanaporomoka baada ya chanjo ya surua ya miezi 9. Mama anaona chanjo kuu zimeisha. Kipindi hichohicho ndicho udumavu unapopanda kwa kasi. Tunampoteza mtoto machoni wakati anapodumaa.

---

Afisa Lishe Nyanda

Naomba kuchangia kuhusu unga wa lishe, kwa sababu ndio unaotumiwa na wazazi wengi wanaojitahidi, na ndio umejaa makosa.

Unga wenye mahindi, ulezi, mtama, ngano, mchele, uwele, soya, karanga, mbegu za maboga na dagaa, vyote vimesagwa pamoja, unauzwa kama "nafaka kumi". Sita kati ya hivyo ni kundi moja tu la chakula. Kuchanganya mahindi na mchele na ngano hakumpi mtoto kipya. Kinachompa kipya ni kutoka nje ya kundi: jamii ya mikunde, chakula cha wanyama, mboga za majani, matunda, mafuta. Chukua nafaka moja, mbili ukipenda.

Karanga zikisagwa na kuachwa kwenye unga, mafuta yake yanachacha. Ndani ya wiki chache unga unanuka na mtoto anaukataa, mama anasema "mtoto hapendi lishe". Saga karanga kidogokidogo za siku chache, weka kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, tia kwenye uji wakati unaiva. Dagaa vilevile: toa vichwa na matumbo, osha mchanga, kausha, kaanga bila mafuta hadi wakatike kirahisi, saga peke yao, weka kijiko kimoja cha chai kwa bakuli. Ukiwasaga na unga wa mwezi mzima, harufu itaharibu vyote.

Soya mbichi iliyokaushwa na kusagwa ni kosa baya zaidi. Ina kizuizi kinachozuia tumbo kumeng'enya protini, na mtoto anaharisha. Soya itumbukizwe kwenye maji yanayochemka tayari, ichemke dakika 20 hadi 30, isuguliwe ganda litoke, ikaushwe, ikaangwe hadi iwe kahawia hafifu, ndipo isagwe. Kuikaanga juujuu mpaka inanukia hakutoshi, kwa sababu katikati inabaki mbichi. Usiyeweza kufanya hivyo, acha soya, tumia maharage yaliyopikwa na kupondwa.

Uwiano unaofaa kwa unga wa nafaka na mikunde ni vikombe vitatu hadi vinne vya nafaka kwa kimoja cha mikunde. Zaidi ya hapo uji unakuwa mchungu na mtoto anajaa gesi.

---

Mama Kibuyu

Afisa Lishe, swali kwako na kwa mwanzisha uzi. Uji wa vijiko vitatu kwa robo lita ni mzito mno kwa mtoto wa miezi 7. Anausukuma nje kwa ulimi. Ndiyo maana akina mama wanauongeza maji. Hili hatuwezi kulipita.

---

Sufuria Ndogo

Mama Kibuyu, umegusa penyewe. Jibu lake liko mikononi mwa bibi zetu: kimea.

Wanga wa uji unavimba na kushika maji. Mbegu inayoota inatoa kimeng'enya kinachokata wanga huo vipande vifupi, uji unalegea bila kuongezwa tone la maji. Taasisi ya Chakula na Lishe ililifanyia kazi jambo hili tangu miaka ya 1980 na kulitangaza vijijini kama unga wa kimea.

Kutengeneza: pima nusu kilo ya ulezi, pepeta, osha. Loweka usiku kucha, saa 12 hivi. Mwaga maji, tandaza kwenye kitambaa safi chenye unyevu ndani ya ungo, funika, weka mahali pasipo na mwanga. Nyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu vijimizizi vikifika sentimita moja, anika juani mpaka vikauke kabisa. Sugua kwa viganja vijimizizi na machipukizi yatoke, pepeta, saga. Ukiona utando wa kijivu au kijani, tupa yote, usichambue.

Ulezi ni bora kuliko mtama. Machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi, kwa hiyo ukilazimika kutumia mtama hakikisha umeyaondoa yote na uji umechemka tena.

Kutumia: pika uji mzito hadi uive. Epua, subiri upoe kidogo. Uwe wa moto, lakini usiwe unatokota. Weka kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kila robo lita, koroga. Ndani ya dakika tano utaona umelegea. Urudishe motoni uchemke dakika chache kuua vijidudu vya kwenye kimea. Wanaokosea wanaweka kimea uji ukiwa unachemka: joto linaua kimeng'enya na hakuna kinachotokea, halafu wanasema kimea hakifanyi kazi. Wengine wanaweka ukiwa baridi, hapo kinafanya kazi polepole mno.

---

Togwa Asilia

Hapo hapo mkuu. Watu wa Ruvuma na Iringa wana togwa, ambayo ni hatua moja zaidi. Uji wa mahindi unalegezwa kwa kimea halafu unaachwa uchachuke usiku mmoja. Uchachu unaushusha kwenye kiwango cha asidi ambacho vijidudu vingi vya kuharisha havistahimili, na unapunguza vile vinavyofunga madini ya chuma na zinki ndani ya nafaka. Kwa nyumba isiyo na jokofu, ambapo mama anashinda shambani, hili lina faida kubwa kuliko uji wa kawaida uliowekwa kwenye chupa ya chai tangu alfajiri. Uji wa kawaida ukikaa vuguvugu zaidi ya saa mbili ni kitalu cha vijidudu.

Masharti: iwe nzito kama ilivyoelezwa juu, iwe ya siku moja tu kwa sababu ikiendelea inaelekea kuwa pombe, na vyombo vimwagiwe maji ya moto. Na uchachu hauondoi sumukuvu (aflatoksini, sumu ya ukungu kwenye nafaka na karanga). Mahindi mabovu yakitengenezewa togwa yanabaki mabovu.

---

Ghala Kavu

Togwa Asilia amenifungulia mlango. Sumukuvu haionekani wala haina ladha, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni kwa aflatoksini zote na 5 kwa ile ya aina B1. Watoto wanaoipata kidogokidogo kila siku kwenye mahindi na karanga wameonekana kwenye tafiti kadhaa kuwa wafupi zaidi, ingawa wanasayansi bado wanabishana kiasi gani cha ufupi huo ni cha sumukuvu yenyewe. Mimi nasema kwa mtoto usisubiri ubishi uishe.

Anika mahindi juu ya turubai, yasiguse udongo. Kupima ukavu bila mashine: chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi hadi robo, tia kijiko cha chumvi iliyokaushwa, funga, tikisa kwa dakika mbili, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu zaidi ya asilimia 15, rudisha juani. Lengo ni 13. Kisha weka kwenye mifuko ya kinga njaa, ule mfuko wenye nailoni mbili ndani, ufungwe kila nailoni peke yake na hewa itolewe. Ukiufungua kila siku kuchota, umeuharibu. Tenga gunia dogo la matumizi.

Karanga: chambua moja moja. Zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zote nje. Na usizisage ukampa kuku au ng'ombe wa maziwa, maana sumu inahamia kwenye maziwa. Punje mbovu chache zinabeba sehemu kubwa ya sumu ya gunia zima, kwa hiyo nusu saa ya kuchambua inalipa. Tabia ya kuuza karanga nzuri na kubakiza chenga za uji wa mtoto iachwe kabisa.

---

Mchambuzi wa Lishe

Naona tunakwenda vizuri kwenye nafaka, lakini mtoto wa Iringa anapata nafaka tayari. Anachokosa zaidi ni chakula cha wanyama. Zinki na chuma kwenye mahindi na maharage vimefungwa, vinanyonywa kidogo. Vya kwenye maini, nyama, dagaa na mayai vinaingia kirahisi.

Yai moja kwa siku. Jaribio la Ecuador lililochapishwa mwaka 2017 liliwapa watoto yai moja kila siku kwa miezi sita kuanzia umri wa miezi 6 hadi 9, na udumavu ukapungua karibu nusu. Lililofuata Malawi halikupata matokeo hayo. Watoto wa kule walikuwa tayari wanakula samaki kwa wingi. Kwa hiyo yai linasaidia pale ambapo halina mbadala, na nyumba nyingi za Njombe ziko hivyo. Kuku wapo, mayai yanauzwa mnadani au yanaachwa yaanguliwe.

Yai lipikwe liive, lipondwe, lichanganywe kwenye viazi au uji. Mila ya kumnyima mtoto yai asije kuchelewa kusema au kuwa mwizi haina msingi wowote. Maini, kipande cha ukubwa wa viganja viwili vya mtoto, kinatosha mara moja au mbili kwa wiki. Na mchuzi wa maharage ni maji: ponda maharage yenyewe.

Chai, hata ya maziwa, isimguse mtoto. Inafunga chuma na inajaza tumbo bure.

---

Ratiba ya Mtoto

Wakuu, nani analisha? Hapo ndipo ushauri wote unapoanguka. Novemba hadi Machi mama anaondoka alfajiri kwenda shamba, anarudi saa kumi. Mtoto wa miezi 10 yuko na dada yake wa miaka 7. Kuna uji mmoja asubuhi na ugali wa jioni anaokula kwenye sahani moja na wakubwa, wanaomaliza kabla hajameza tonge la tatu. Masika yakifika kuna ulanzi (pombe ya mianzi) pia, na jioni za walezi zinaishia kilabuni.

Idadi ya milo: miezi 6 hadi 8, mara 2 hadi 3 kwa siku, kuanzia vijiko viwili vitatu na kupanda hadi nusu ya kikombe cha robo lita. Miezi 9 hadi 11, mara 3 hadi 4, nusu kikombe kamili. Miezi 12 hadi 23, mara 3 hadi 4, robo tatu hadi kikombe kizima, na kati ya milo asusa moja au mbili: ndizi, parachichi, kipande cha kiazi kitamu. Parachichi Njombe linaoza chini ya mti huku mtoto hapewi, wakati nusu ya tunda ina nishati nyingi kuliko kikombe kizima cha uji mwembamba.

Mtoto awe na bakuli lake mwenyewe. Ni jambo dogo, lakini bila hilo hakuna anayejua amekula kiasi gani.

---

Kijiji Kwanza

Ratiba, umesema la msingi. Mpango wa lishe wa Iringa wa miaka ya 1980, uliokuwa wa serikali, UNICEF na WHO kwa fedha za Italia, ulianzia vijiji 168 na uliligusa hili hasa. Watoto walipimwa kijijini kila miezi mitatu, matokeo yakasomwa mbele ya kamati, na kamati ikauliza: huyu amepungua kwa nini, na nani atafanya nini? Vijiji vikaanzisha sehemu za kulelea na kulisha watoto mchana, zana za kupunguza kazi ya wanawake zikaingizwa. Utapiamlo mkali ulipungua sana. Fikra iliyotoka huko, kwamba lishe inasimama juu ya chakula, malezi na huduma za afya kwa pamoja, ndiyo UNICEF waliitangaza duniani kote mwaka 1990.

Ila kasoro yake tuiseme: walikuwa wanapima uzito kwa umri. Urefu haukuwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Leo tuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kila robo mwaka, na vijiji vingi bado vinaning'iniza watoto kwenye mizani na kufunga daftari. Mikoa inasaini mkataba wa lishe tangu Desemba 2017, halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto chini ya miaka mitano. Ushauri wangu kwa madiwani waliomo humu: fedha za mwaka huu zinunue kwanza mbao za kupimia urefu, moja kwa kila kijiji. Fundi seremala wa kawaida anaweza kuutengeneza akipewa vipimo na utepe wa chuma usiovutika.

---

Maji na Utumbo

Hatujazungumzia uchafu, na kuna funzo gumu hapa.

Mtoto anayetambaa kwenye ua wenye kinyesi cha kuku anameza vijidudu kila siku bila kuharisha. Ukuta wa utumbo unavimba kidogo, unavuja, unanyonya vibaya, na mwili unatumia nguvu kupambana badala ya kukua. Kwa miaka mingi tuliamini vyoo na kunawa mikono vitaongeza urefu. Majaribio makubwa ya magharibi mwa Kenya (Kakamega, Bungoma, Vihiga) na Zimbabwe yakaonyesha kwamba choo cha shimo, sehemu ya kunawia na klorini ya maji peke yake havikuongeza hata kidogo. Waliopewa chakula cha nyongeza ndio waliorefuka, na hata wao kwa kiasi kidogo.

Msiseme basi vyoo havina maana, vinazuia mengine. Maana yake ni kwamba usafi wa kiwango hicho hautoshi kuondoa kinyesi mdomoni mwa mtoto. Kinachofaa zaidi kwa umri huu: banda la kuku lifungwe, mkeka wa kuchezea uoshwe na uwe na ukingo, kinyesi cha mtoto mwenyewe kitupwe chooni (wengi wanaamini hakina madhara), mikono ya mlezi na ya mtoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kila mlo.

Akiharisha: ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), pakiti kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, si nusu wala mara mbili. Zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Chini ya miezi 6 ni miligramu 10. Wazazi wanaacha siku ya tatu choo kikishika, na hapo wanapoteza kinga ya miezi inayofuata. Kunyonya kusisimame. Akipona, aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili. Ndiyo namna ya kurudisha kilichopotea.

---

Mkunga wa Mlimani

Mnaanza miezi 6, mmechelewa. Siku 1000 za mwanzo za mtoto ni 270 za mimba na 730 za miaka miwili. Mtoto anayezaliwa na kilo 2.3 ameanza safari nyuma ya wenzake.

Kliniki kabla ya wiki ya 12. Vidonge vya FEFO (madini ya chuma na foliki asidi) kila siku hadi kujifungua, na kuendelea baadaye kama ulivyoelekezwa. Wengi wanaviacha kwa kichefuchefu: meza usiku baada ya chakula, acha chai kwa saa moja kabla na baada. Choo kuwa cheusi ni kawaida, waambieni mapema wasiogope. SP, dawa ya kukinga malaria, kuanzia wiki ya 13, na kurudiwa angalau baada ya mwezi. Chandarua. Mlo mdogo mmoja wa ziada kwa mjamzito, miwili kwa anayenyonyesha. Na kazi nzito zipungue miezi mitatu ya mwisho. Mama anayebeba magunia hadi siku ya uchungu anagawana chakula chake na gunia.

Mama wa miaka 16 bado anakua mwenyewe. Yeye na mtoto wanagombania chakula kilekile.

Kunyonya ndani ya saa moja, dang'a lisikamuliwe na kumwagwa. Miezi 6 maziwa tu, hata maji hapana, mara 8 hadi 12 kwa siku na usiku. Kwa wale walioajiriwa: sheria ya kazi inatoa likizo ya siku 84 (100 kwa mapacha) na hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Dai hizo saa.

---

Nesi wa Zahanati

Mkunga amesema kweli. Nami niongeze dawa ambazo ni bure: vitamini A kila miezi sita, juni na desemba, uniti 100,000 kwa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kuanzia mwaka mmoja. Dawa ya minyoo inaanza mwaka mmoja.

Pia utepe wa mkono (chini ya 12.5 cm ni hatari, chini ya 11.5 ni mkali) unapima ukondefu. Mtoto aliyedumaa anaweza kusoma kijani kabisa. Msimpe maziwa ya tiba wala siagi ya karanga ya hospitali mkidhani ni dawa ya ufupi. Ile ni ya utapiamlo mkali, na inapotolewa ovyo wenye uhitaji wanakosa.

---

Mama Kibuyu

Kuna mtoto ameshapita miaka miwili na ana sentimita 78. Mzazi wake nimwambie nini?

---

Mchambuzi wa Lishe

Mwambie ukweli: urefu uliopotea kabla ya miezi 24 haurudi wote, na kumlisha mafuta na sukari kwa nguvu kutamnenepesha bila kumrefusha. Lakini ubongo na kinga bado vinafaidi chakula bora, michezo, kuzungumzishwa na shule. Aendelee na yai, dagaa, mboga na matunda kama wenzake. Halafu muulize kama kuna mimba nyingine nyumbani, maana kwa huyo ajaye siku zote bado zipo.

---

Sufuria Ndogo

Nimeombwa kwenye ujumbe niandike mlo mmoja kamili wa miezi 9 kwa vitu vya Njombe, vya nyumbani tu. Huu hapa:

Viazi mviringo viwili vya ukubwa wa yai, vichemshwe na vipondwe. Vijiko viwili vya chakula vya maharage yaliyoiva sana, yapondwe kwa mwiko, maganda magumu yachujwe. Kijiko kimoja cha mchicha au majani ya maboga yaliyokatwa laini, yapikwe dakika tano. Kijiko cha chai cha unga wa dagaa, au yai moja. Kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti. Chumvi ya madini joto, punje tu. Lainisha kwa maziwa yaliyochemshwa au maziwa ya mama, usitumie maji. Ni kama nusu kikombe. Baada yake, vipande vya parachichi au papai.

Ukipika chakula cha familia, chota viungo hivi kabla hujaweka pilipili na chumvi ya wakubwa. Hakuna sufuria ya pili inayohitajika.